Bao la Samatta Wembley halimo hesabuni: takwimu za soka la England na mlango wanaogonga watoto wetu

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, simu zetu hazitulii. Mara utasikia mshambuliaji wa Simba anakuja London, mara kipa wa Muscat kaonekana na maskauti wa klabu fulani, mara kijana wa Mombasa kashamaliza kila kitu, bado kusaini tu. Kundi la familia linajaa makofi, wajomba wanapeleka dua, na baada ya siku kumi hakuna anayeuliza tena yule kijana kaishia wapi. Mimi niko huku London, na kwa kuwa niko huku, ndiye ninayeulizwa: "Wewe uko karibu, hebu tuambie, ni kweli?" Mara nyingi jibu ni hapana. Na sababu ya hiyo hapana haiko miguuni mwa kijana. Iko kwenye takwimu.

Si zile takwimu mnazozijua. Watoto wetu wa Dubai, Doha na Muscat wanazijua namba za Ligi Kuu ya England kuliko wanavyozijua namba za simu za wazazi wao. Nani kafunga mangapi, nani katoa pasi ngapi za mabao, kipa gani kamaliza mechi ngapi bila kufungwa. Hizo ni takwimu za mabishano, za kunywea chai. Kuna nyingine, za mlangoni, ambazo hazionyeshwi kwenye televisheni lakini ndizo zinazoamua nani apewe kibali cha kazi ya mpira Uingereza na nani arudi alikotoka. Leo nataka tuziangalie zote mbili, kwa sababu wapo watu wanaokula fedha za familia zetu kwa kutegemea kwamba hatujui tofauti yake.

Tuanze na za mabishano. Ukimuuliza kijana yeyote mfungaji bora wa ligi ya England wa zama zote, atakwambia Alan Shearer, mabao 260. Ni kweli, lakini ni kweli ya kuanzia 1992, mwaka ambao klabu kubwa zilijitenga na kuunda Ligi Kuu yao na kuuza haki za televisheni peke yao. Ligi yenyewe ilianza 1888. Jimmy Greaves alifunga mabao 357 katika daraja la kwanza, yote akiwa na klabu za London: Chelsea, Tottenham na West Ham. Alizaliwa Manor Park, huku mashariki ya mji, ambako leo hukosi duka la sambusa. Msimu wa 1960/61 peke yake aliifungia Chelsea mabao 41 ya ligi. Kwenye rekodi zinazopita kila Jumamosi chini ya kioo cha televisheni, bwana huyu hayupo. Hakufuta mtu jina lake. Wamechagua tu siku ya kuanzia kuhesabu.

Wenzetu Wahindi tunaofanya nao kazi Ghuba wanaujua mchezo huo. Ligi yao ya sasa, Indian Super League, ilianza 2014, na rekodi zinazotangazwa zaidi zinaanzia hapo, ingawa walikuwa na ligi ya taifa tangu 1996 na klabu ya Mohun Bagan ya Kolkata ni ya 1889. Mwenye televisheni ndiye mwenye kalenda.

Sasa tuje kwa watu wetu, maana hapa ndipo hesabu hizi zinapouma.

Fungua kumbukumbu za Ligi Kuu, tafuta Mbwana Samatta, nahodha wa Taifa Stars, Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika ligi hiyo. Utakuta: Aston Villa, mechi 14, bao 1. Bao lenyewe alilifunga Bournemouth, 1 Februari 2020, katika mechi ya kwanza ya ligi aliyoicheza, na Villa wakafungwa 2-1. Mtu asiyemjua akisoma mstari huo atasema huyu alikuja kutembea. Nimewasikia wenye kusema hivyo, na wengine ni Watanzania wenzetu!

Lakini 1 Machi 2020 Samatta alikuwa Wembley, hapa London, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walikuwa nyuma 2-0. Dakika ya 41 ikaja krosi kutoka kulia, akajitupa mbele, akaipiga kwa kichwa, wavuni. Kijana wa Mbagala kafunga fainali Wembley. Siku ile nilikuwa mkahawani huku mashariki ya London, na wazee wawili ambao hawazungumzi tangu mambo ya msikiti wa zamani walikumbatiana, kisha wakakumbuka wakaachana. City walishinda 2-1. Bao lile halimo kwenye mstari wa "mechi 14, bao 1", kwa sababu kombe si ligi. Halimo pia bao alilofunga Anfield akiwa na Genk ya Ubelgiji, 5 Novemba 2019, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya, kwani lile ni la Ligi ya Mabingwa. Kuna na jambo jingine ambalo namba haisemi: siku 12 baada ya Wembley ligi ilisimamishwa kwa sababu ya korona, ikarudi 17 Juni katika viwanja vitupu. Villa walinusurika kushuka daraja kwa pointi moja tu. Septemba Samatta akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo, na ukurasa wake ukafungwa hapo.

Victor Wanyama naye. Huyu ni Mkenya wa kwanza katika Ligi Kuu, alianza na Southampton Agosti 2013, akahamia Tottenham 2016, na jumla akacheza zaidi ya mechi 150 za ligi. Mabao yake ni machache, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvunja mashambulizi, na kuvunja hakuandikwi kwenye jedwali analolisoma mtoto asubuhi. Msimu wa 2016/17 alicheza mechi 36 kati ya 38. Tottenham msimu ule walifungwa mabao 26 tu, wakapata pointi 86, na nyumbani hawakupoteza hata mechi moja: ushindi 17, sare mbili. Ubingwa wakaukosa kwa sababu Chelsea walipata 93. Ukimuuliza mtu wa Tottenham kuhusu msimu ule atakutajia Harry Kane na mabao yake. Ni haki yake. Lakini mabao 26 ya kufungwa hayakuja yenyewe, kuna mtu aliyekuwa amesimama mbele ya mabeki.

Na tarehe 14 Mei 2017, siku ya mwisho ya uwanja wa White Hart Lane, uwanja waliouchezea tangu 1899, Manchester United wakiwa wageni, nani aliyefungua mabao? Wanyama, kwa kichwa, dakika ya sita. Mechi ikaisha 2-1 na uwanja ukavunjwa. Ukipita pale leo kuna uwanja mpya mkubwa, kumbukumbu za mashabiki zimejaa kila pembe, na mimi kila nikipita na mgeni kutoka nyumbani humwambia: Mkenya kafunga hapa siku ya kuaga. Wengi hawaamini mpaka waitafute kwenye simu.

Wa tatu ni wa upande wenu: Ali Al Habsi wa Mudhaibi. Wengi mnaosoma hapa mna jamaa huko Sharqiyah, hamhitaji nimweleze. Kazi yake ya kwanza ilikuwa zimamoto katika uwanja wa ndege. Akapita Norway kwa klabu ya Lyn, akafika Bolton Januari 2006, Muomani wa kwanza katika Ligi Kuu, na akakaa miaka nyuma ya kipa mwingine kabla ya kupata nafasi ya kweli Wigan. Msimu wa 2011/12 Wigan walikuwa maiti kufikia Machi. Katika mechi tisa za mwisho wakashinda saba, mojawapo hapa London dhidi ya Arsenal, 2-1, Al Habsi golini. Wakabaki ligini. Kipa wa timu inayofungwa kila wiki ana takwimu mbaya hata akiwa bora, maana anahesabiwa yaliyoingia, si yale ambayo kipa mwingine yangemwingia. Nadhani hakuna mchezaji wetu aliyedhulumiwa na jedwali kuliko yeye.

Hata mwaka 2017, akiwa Reading, fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu ilichezwa Wembley dhidi ya Huddersfield. Dakika 120 hakuingia hata moja. Wakaenda penalti, akaokoa moja, na bado Huddersfield wakashinda 4-3 na kupanda. Mechi hiyo katika kumbukumbu inasomeka kama kushindwa.

Basi, kama ingekuwa ni mabishano tu ningeishia hapa, tukacheka, tukaagana. Kumbe hapana.

Rudi nyuma kidogo, Januari 2010. McDonald Mariga, kaka yake Wanyama, alikuwa Parma ya Italia na Manchester City walikuwa wanamtaka. Kibali cha kazi kikakwama. Kanuni ya wakati ule ilitaka nchi ya mchezaji iwe katika 70 bora za viwango vya FIFA, kwa wastani wa miaka miwili, na yeye mwenyewe awe amecheza asilimia 75 ya mechi za ushindani za timu ya taifa. Kenya haikuwa ndani ya 70. Habari ilifika mpaka kwa Raila Odinga, waziri mkuu wa wakati huo, na bado Mariga hakuishia City, aliishia Inter Milan, na Mei mwaka uleule akawa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Fikiri hapo: mchezaji anatosha kwa mabingwa wa Ulaya, hatoshi kwa karatasi za England, kwa kosa la kuzaliwa katika nchi yenye namba kubwa.

Mwaka 2015 kanuni ikakazwa, 70 ikawa 50. Samatta alipokuja Januari 2020 Tanzania ilikuwa nje hata ya 100 bora. Alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kingine: mfungaji wa bingwa wa Ubelgiji wa 2019, mshindi wa Kiatu cha Ebony cha mwaka huo, na kabla yake bingwa wa Afrika na TP Mazembe ya Lubumbashi 2015. Alijenga miaka minne kule Genk ili aombewe kibali kwa dirisha la pembeni.

Kisha Uingereza ikajitoa Umoja wa Ulaya, na kuanzia Januari 2021 ukaja mfumo wa pointi. Chama cha Soka cha England ndicho kinachotoa barua ya kumthibitisha mchezaji wa kigeni, na bila barua hiyo hakuna viza ya kucheza. Mchezaji anatakiwa apate pointi 15. Zinatoka wapi? Kutoka mechi za timu ya taifa, kwa kuangalia nafasi ya nchi FIFA. Kutoka dakika alizocheza katika ligi yake. Kutoka mashindano ya klabu ya bara lake. Na kutoka nafasi ya klabu yake katika ligi. Mchezaji wa nchi iliyo ndani ya 50, akicheza kiasi fulani cha mechi, anapita moja kwa moja bila maswali zaidi. Wa nchi iliyo nje ya 50, hata acheze kila mechi, hapiti moja kwa moja. Tanzania, Kenya, Uganda na Oman zimekuwa nje ya 50 kwa miaka na miaka.

Ligi nazo zimepangwa makundi sita. La kwanza ni zile tano kubwa za Ulaya. Ubelgiji, Uholanzi na Ureno zimo la pili. Kundi la sita halina majina, limeandikwa tu ligi nyingine zote, na humo ndimo mlimo ligi ya Tanzania, ya Kenya na ya Oman, tumebanana na kila mtu. Hapo mimi nina neno langu. Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika 2023, wakalikosa kwa kanuni ya bao la ugenini tu baada ya jumla ya 2-2 na USM Alger. Simba walifika fainali hiyohiyo 2025, mkondo wa pili ukachezwa Amaan, Unguja, na RS Berkane ya Morocco wakaondoka na kombe kwa jumla ya 3-1. Ligi inayotoa timu mbili za fainali ya bara ndani ya miaka mitatu imewekwa kapu moja na ligi ambayo hata waamuzi wake hawalipwi. Na mashindano yenyewe ya Afrika? Jedwali lilipoanza, mashindano ya klabu za Ulaya na Amerika Kusini yalitajwa kwa majina yake. Ya kwetu yalikuwa "mengineyo".

Anayekosa kidogo anaweza kusikilizwa na jopo maalumu, na tangu Juni 2023 klabu za Ligi Kuu zimepewa nafasi zisizozidi nne za wachezaji wasiofikisha pointi, kwa masharti. Mlango haukufungwa kwa komeo. Lakini nafasi nne hizo zinagombewa na vijana wa dunia nzima, na sijui klabu gani itatumia moja kwa kijana ambaye hata skauti wake hajawahi kufika Kirumba.

Watu wa Zanzibar wana shida juu ya shida. Machi 2017 CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili wa 55, na Julai mwaka uleule ikaitoa, kwa hoja kwamba si nchi kwa maana ya katiba yake. FIFA haimo kabisa. Kwa hiyo Zanzibar Heroes walipofika fainali ya Chalenji Desemba 2017 kule Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya na kushindwa kwa penalti, vijana wale walicheza mpira mkubwa ambao kwenye viwango vya FIFA haukuongeza hata nukta. Mzanzibari anahesabiwa akivaa jezi ya Taifa Stars tu.

Sasa niwaambie kwa nini nimeyaandika haya yote. Binamu yangu wa Muscat alinipigia simu usiku. Mwanawe ana miaka 16, mpira anaujua, nimemwona kwa macho yangu likizo. Kuna bwana mmoja kawatembelea, simtaji, ana kadi nzuri na picha amesimama nje ya uwanja mmoja wa London. Anataka riyali 900 za kufungua faili, kisha nyingine kijana akifika kwenye majaribio. Kamtengenezea na karatasi ya takwimu, yenye rangi: mabao 41 katika mechi 20, kasi, pasi, kila kitu. Binamu yangu si mjinga, ni mtu wa hesabu kazini kwake. Lakini alinambia, "Angalia namba zake, utamkataa vipi?"

Nikamwambia, hizo namba ni za ligi ya Ijumaa. Hazimo hata kwenye kundi la sita. Na hata zingekuwamo, kijana wako ana miaka 16. Tangu Uingereza ijitoe Ulaya, klabu za England haziruhusiwi kumsajili mchezaji wa nje aliye chini ya miaka 18. Haijalishi ni nani. Hata lile dirisha la zamani la FIFA la kuwachukua vijana wa miaka 16 lilikuwa kwa wanaohama ndani ya Ulaya, na sasa England haimo. Mwenye pasi ya Uingereza, au mtoto ambaye wazazi wake wamehamia huku kwa kazi zao wenyewe na si kwa ajili ya mpira, hayo ni mazungumzo mengine. Kijana anayeishi Al Khuwair na pasi ya Oman au ya Tanzania, hapana. Anayekwambia atamsainisha London mwaka huu anakwambia uongo, na huna haja ya kujua lolote jingine kumhusu.

Alinyamaza muda. Halafu akauliza kama riyali 900 zitarudi, maana zilishatoka!

Hazikurudi. Na sidhani yeye ni peke yake, kwa sababu kila nikiwasimulia watu hapa mkahawani, kuna anayetikisa kichwa na kusema "kwetu ilikuwa dirham." Basi mambo mawili ya kushika. Klabu kubwa inayomtaka mtoto haimtozi mzazi ada ya majaribio. Na tangu 2023 wakala wa mpira lazima awe na leseni ya FIFA, anaifanyia mtihani, na jina lake linatafutika kwenye orodha ya FIFA yenyewe. Kwa mtoto, anatakiwa pia awe na ridhaa ya mzazi kwa maandishi. Uliza namba ya leseni kabla hujamkaribisha kahawa. Akianza kukwambia leseni yake iko kwa mwenzake Manchester, mletee viatu vyake.

Haina maana kwamba hakuna njia. Tazama hao waliofika. Wanyama alipita Beerschot ya Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland, ndipo Southampton. Samatta, Mazembe, kisha Genk. Al Habsi, Norway. Divock Origi, aliyewafunga Tottenham bao la pili katika fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019, alizaliwa Ostend kwa sababu baba yake, Mike Okoth, aliyechezea Harambee Stars, alikuwa anacheza huko. Lakini kwenye hesabu Origi ni Mbelgiji, hatuwezi kumdai. Hakuna hata mmoja aliyeruka moja kwa moja kutoka ligi ya kwetu au ya Ghuba mpaka Ligi Kuu ya England. Ubelgiji unajirudia kwa sababu ligi yao inakubali kijana mapema, inauza wachezaji kama biashara, na dakika zake zina thamani kubwa kwenye jedwali la London. Mzazi mwenye kijana wa miaka 19 anayecheza kweli, si wa Ijumaa, ninavyoona mimi aitazame ramani hiyo kwanza, na England aiache kwenye televisheni kwa miaka mitatu minne.

Upande wa serikali na mashirikisho, kuna jambo liko mikononi mwetu. Tangu 2018 FIFA inahesabu viwango kwa kila mechi peke yake. Mechi ya kirafiki katika wiki za kimataifa ina uzito wa 10. Ya kufuzu ina 25. Fainali za Afrika, kabla ya robo fainali, 35. Uzito huo unazidishwa kwa tofauti ya matokeo na matarajio: ukimfunga mtu mnayelingana naye unapata nusu yake. Kirafiki, pointi 5. Kufuzu, 12 na nusu. Fainali za Afrika, 17 na nusu. Ukimfunga mdogo wako, unapata kidogo mno, na akikufunga yeye unaporomoka.

Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa wenyeji wa Fainali za Afrika 2027. Magazeti ya nyumbani yanaandika kuhusu viwanja, barabara na hoteli, na ni sawa. Lakini timu itakayoshinda mechi mbili za makundi dhidi ya wanaolingana nayo, uwanja wa nyumbani, itavuna kiasi cha pointi 35 katika muda wa wiki moja. Kwa mechi za kirafiki ingebidi ishinde saba bila kuteleza, na shirikisho gani la kwetu linazipata mechi saba?